Majigambo ya Ta Nestori Yaliyofutwa Majina

Mlioniuliza kwenye kikundi chetu cha simu, Karagwe kulikuwaje, niliwajibu "salama" kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuandika. Sasa nimerudi Morogoro, nimelala vya kutosha, nimefua nguo zilizojaa vumbi jekundu, na hasira bado ninayo. Basi kaeni niwaeleze. Mambo ya vibali na barua za utambulisho nayaruka, hayana ladha na ninyi wenyewe mnayajua.

Mradi wenyewe mnaukumbuka, maana mmechoka kunisikia nikiulalamikia: kukusanya majigambo ya Wanyambo, kuyaandika kwa Kinyambo, kuyatafsiri kwa Kiswahili na Kiingereza, na kuyatolea kitabu cha kitaalamu chenye maelezo, kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo. Majigambo hayo mwanamume huyatunga juu ya nafsi yake. Anapiga goti moja mbele ya wenyeji, mkuki mkononi, na kila ubeti anauanza kwa jina la sifa alilojipa. Waliokaa wanamjibu kwa kulirudia jina hilo. Wakilirudia kwa sauti kubwa, amekubalika. Wakilinong'ona, afadhali arudi akakae.

Bora kuliko wote niliowarekodi alikuwa Ta Nestori wa Nyakakika. "Ta" ni heshima ya kwetu kwa mwanamume mtu mzima, kama "Ma" kwa mwanamke. Ta Nestori amefariki mwaka huu. Na katika ukoo wao mrithi hakabidhiwi mkuki wa baba mpaka siku ya kuanua matanga, ayaseme majigambo ya marehemu yote, mbele ya ukoo, wamjibu. Yakishasemwa siku hiyo, hayasemwi tena na mtu.

Mrithi ni mwanawe Deusdedit, tunayemwita Deus, mnunuzi wa mazao pale Nkwenda. Hakuyajua. Alinipigia simu msiba ukiwa mbichi. "Mwalimu, mzee aliniambia nisihangaike, yote amekuachia wewe, yamo kitabuni. Kilete tu waitu, ndugu yetu, nikisome kabla ya siku hiyo." Kitabu kilikuwa kinachapwa. Nikamwahidi nitakileta mwenyewe, kwa mikono yangu. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yangu.

Bukoba

Mzigo ulitangulia Bukoba kwa basi. Nilipofika ofisi ya mizigo, kijana wa zamu akaniambia haupo. Nikakaa kwenye benchi hadi chai ikapita, chakula cha mchana kikakaribia, ndipo ukaonekana chini ya viroba vya dagaa. Boksi lote lilinuka ziwa.

"Vitabu vya shule?" akaniuliza.

"Vya majigambo ya Wanyambo."

Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Kumbe na wenzetu nao wana cha kujigambia?"

Mimi ni Mhaya wa Muleba na utani huo nimekua nao, kwa hiyo sikumjibu kwa ukali. Nilimwambia tu kwamba wakati babu zetu wanatafuta maneno, Wanyambo walikuwa wameshayamaliza. Akaniwekea boksi mlangoni bila kuniomba kitu. Sikulifungua. Rasimu ya mwisho niliipitia mimi mwenyewe, kila nukta, na nilitaka kitabu kifunguliwe kwanza na wenyewe.

Kyaka tulikwama. Lori la ndizi lilikatika ekseli karibu na daraja, na abiria tukashuka kula samaki wa kukaanga kwa mikono, huku wenye lori wakipakua mikungu mmoja mmoja na kuipanga kando kwa upole. Jirani yangu wa kiti, mama wa Kilutheri aliyekuwa akienda kumtazama mjukuu, aliniuliza mradi wangu unatoa nini. Nikamwambia kitabu. Akasubiri niendelee. Kisha akaniuliza tena, kwa huruma, kama labda kuna na mbuzi.

Kayanga

Kayanga nalala siku zote kwenye nyumba ya wageni iliyo nyuma ya duka la Bwana Hemedi, muuza vitambaa. Babu yake alitoka Pangani, na yeye anakizungumza Kiswahili kwa raha kama mtu anayekula embe. Alinikuta asubuhi nimekaa kwenye baraza lake na boksi langu miguuni.

"Shikamoo, Bwana Hemedi."

"Marahaba, mwalimu. Umekonda. Ndio hao wafadhili?"

"Ndio wao."

"Na hicho ndicho kitabu chenyewe? Mbona kinanuka kama kimevuliwa?"

Nikamweleza habari ya dagaa, na ya Ta Nestori. Alimfahamu marehemu, alikuwa akimuuzia shuka za mgolole, na kila shuka ilinunuliwa kwa nusu siku ya hadithi. Hemedi aliinuka, akachukua mkasi, akakata kipande cha bafta nyeupe. "Kitu cha mtu aliyetangulia hakiingii kwao kwenye katoni. Ukikaribia, toa kimoja ukifunge humu." Alikataa malipo. Alitaka asome kidogo tu, nikamnyima, nikamwambia nakala ya kwanza ni ya wafiwa. Hata leo nafurahi kwamba nilimnyima.

Kizuizini, njia ya Nkwenda

Nilikodi gari dogo la Fidelis, dereva asiyependa kuzungumza anapokula na asiyeacha kula. Kiti cha nyuma kilikuwa na karanga, ndizi gonja za kuchoma na chupa ya juisi ya ndizi. Tulipita Omurushaka, mvua ikaanza, barabara ikageuka sabuni. Tulisimama kwa saa nyingi nyuma ya fuso lililozama kwenye kona, na Fidelis akazimaliza karanga.

Ile ni njia ya kwenda mpakani, na msimu ulikuwa wa kahawa. Kahawa yetu hupenda kuvuka mto kwenda Uganda bei ikiwa nzuri huko, kwa hiyo kuna vizuizi. Kwenye kimoja, mgambo wawili wakatusimamisha. Mmoja, mwenye koti la mvua lisilo na vifungo, akagonga buti la gari.

"Mama, boksi lina nini?"

"Vitabu."

"Kila mwenye kahawa husema vitabu. Fungua."

Nikafungua. Akatoa nakala moja, akaipeperusha labda itamwaga buni, kisha akaanza kuisoma kwa sauti, upande wa Kiswahili, kama mtoto anayesoma somo kanisani.

"Mimi, jina limeondolewa, mwana wa jina limeondolewa, niliyezaliwa mahali pameondolewa." Akanitazama. Akafunua kurasa, akaendelea. "Mimi, jina limeondolewa, niliyevusha kahawa mto mahali pameondolewa, wenye bunduki wakikoroma." Akamwita mwenzake. "Njoo umsikie huyu. Ndiye tunayemtafuta."

Walicheka, na Fidelis naye akacheka na gonja mdomoni. Nilimnyang'anya mgambo kitabu. Nilipekua. Upande wa Kiswahili, upande wa Kiingereza, upande wa Kinyambo, kote ni mabano yenye "limeondolewa". Kila jina la sifa, jina la baba, jina la kilima, la mto, la ng'ombe hata. Hata ng'ombe wa watu walifutwa. Juu ya ukurasa, mahali pa Ta Nestori, paliandikwa Msimulizi wa Saba.

"Mama," mgambo akaniuliza, sasa kwa upole, "hawa watu wamefanya kosa gani mpaka mkawaficha?"

Nikakirudisha kitabu kwenye boksi. Alinisaidia kulifunga boksi, akaukandamiza utepe kwa kidole gumba, akafungua kizuizi.

Najua mnachojiuliza: si unazo rekodi? Kompyuta yenye rasimu, madaftari na kinasa sauti vilikuwa mali ya mradi, vikarudishwa, na vya kufutwa vikafutwa, kama mkataba ulivyosema, na sauti zote zikahifadhiwa kwa wafadhili huko, salama, kwa niaba yetu. Nilipanda kilima kutafuta mtandao, nikawaandikia ujumbe, nusu nikiomba na nusu nikitukana. Matusi niliyafuta kabla ya kuutuma.

Nkwenda

Nkwenda ilikuwa siku ya mnada. Boksi langu lilionekana kabla yangu. Mtu alishamwambia mtu kwamba mwalimu wa mradi anakuja, na mradi kwa kule ni miche, ni chandarua, ni semina yenye posho na soda. Nilipofika kwenye ghala la Deus walishakaa watu kwenye magunia ya maharage wakinisubiri, na mama mmoja alikuja na mwenyekiti wake wa kikundi, wamevaa sare.

"Sisi ni kikundi cha maharage," mwenyekiti akaniambia. "Tumesajiliwa."

Nikawaambia nina kitabu tu. Walinisikiliza kwa adabu. Mwenyekiti aliuliza kama kitabu kina sehemu ya maharage, halafu wakaaga, na yule mama akaniachia hata hivyo mkungu mdogo wa ndizi za kuiva, kwa sababu nimetoka mbali. Nilitamani kulia pale pale.

Deus alifunga mlango wa ghala. Ni mtu mnene, mpole, mwenye kucha zenye vumbi la mahindi. Nikampa kitabu, nikamwacha akione mwenyewe. Alisoma ukurasa wa kwanza wa baba yake, akafunua wa pili, akarudi wa kwanza.

"Nyuma ya hivi vidude ndipo yalipo?" akaniuliza. "Kuna mahali yameandikwa pembeni?"

"Hapana, Deus. Yameondolewa."

"Na nani?"

"Waliotoa fedha. Wana kamati. Wameandika mwanzoni mwa kitabu kwamba ni kumlinda mzee asipate madhara."

Alikaa juu ya gunia. "Alipokuwa kitandani nilimwambia, baba, niambie moja moja nikariri. Akasema nisimchoshe, Mwalimu anayo." Hakunena kwa kunilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Alikuwa bado anazungumza vizuri, Mwalimu. Alizungumza mpaka wiki ya mwisho."

Jioni jibu la wafadhili likaingia. Watu hawa hujibu kwa adabu sana, hilo siwanyimi. Walisikitika pamoja na familia. Kamati ya maadili iligundua kwamba baadhi ya beti zinakiri kosa la kisheria, ndiyo maana walichukua tahadhari kwa wasimulizi wote. Sauti zimefungwa. Zitafunguliwa kwa ombi la maandishi la msimulizi mwenyewe. Jamaa wa msimulizi anaweza kuomba pia, akithibitisha kwamba ndugu yake ndiye Msimulizi wa Saba, ila wao hawaruhusiwi kumthibitishia mtu yeyote Msimulizi wa Saba ni nani. Mwisho walinikumbusha nisisahau picha ya makabidhiano, pamoja na majina kamili ya watakaopokea kitabu.

Nilimsomea Deus yote. Akaniomba nirudie hapo pa majina kamili. Nikarudia.

Nyakakika

Kesho yake, siku yenyewe ya kuanua matanga, njia yote ya kwenda Nyakakika tulijaribu kukumbuka majina, Deus kiti cha mbele na mimi nyuma na maganda ya Fidelis. Ninajua kutafsiri, kukariri sijui. Nilivyoandika nilikwisha kuviachia karatasi. Yalinijia majina matatu kati ya yote yale. Moja nina uhakika nalo, maana yake ni Asiyeamshwa. Mengine mawili nilikuwa nayo mdomoni lakini sikujua yanakaa wapi. Deus aliyasema na kuyasema, vilima vikipita. Kabla hatujashuka nilitoa kitabu kimoja nikakifunga kwenye bafta ya Bwana Hemedi.

Nyumba ilitandikwa nyasi mbichi. Watu walikuja kutoka hata Rugu. Tulipewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kisha ndizi na maharage kwenye majani, na chakula kilikuwa kitamu, nasema ukweli, nilikila kwa aibu. Wazee wa ukoo walikaa upande mmoja na kibuyu chao cha pombe ya ndizi. Wanawake upande wa pili, na katikati yao Ma Yustina, mjane, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Mkuki uliegemezwa ukutani.

Deus akapiga goti. Kitabu alikiweka juu ya goti lililosimama, akakifungua juu ya kitambaa cheupe. Sauti yake ilianza vizuri. Kwenye ubeti wa kwanza alitia jina moja kati ya yale mawili, na wazee wakalirudia, si kwa nguvu, ila walilirudia. Nikapumua.

Ubeti wa pili Deus alijisahau, akatia Asiyeamshwa.

Ubeti ule ni wa harusi. Ni mahali ambapo Ta Nestori anajigamba jinsi alivyomwingiza Ma Yustina nyumbani kwake. Asiyeamshwa ni jina la ubeti wa kahawa, la mtu aliyekuwa macho wakati wenye bunduki wamelala. Likiwekwa kwenye harusi linamtaja bwana arusi aliyepitiwa na usingizi. Nyuma kabisa mtu alikohoa kicheko. Mwingine akamfuata. Kisha nusu ya nyumba ikawa inacheka huku imeziba midomo, na wazee hawakujibu.

"Si hapo," akasema Ta Salvatori, mdogo wa marehemu, aliyekwisha kuutoa mkuki ukutani tayari kuukabidhi. "Endelea."

Deus aliendelea. Alifika kwenye bano la ubeti wa tatu. Akalitia jina lililobaki, na hakuna aliyeitika. Bano la nne hakuwa na kitu cha kutia. Aliusoma ubeti wote uliofuata bila jina, maneno mazuri sana, mimi ndiye niliyeyaandika na najua ni mazuri, na nyumba ilikuwa kimya. Wangejibu nini? Kinachojibiwa ni jina.

Nilimwangalia Ma Yustina. Chini ya kanga midomo yake ilikuwa inacheza. Kila Deus alipofika kwenye bano, ilicheza, na alipolipita, ikatulia. Mwanamke huyu ameyasikia maisha yake yote. Yote alikuwa nayo pale, kwa mpangilio wake.

Nilijikokota kwenye nyasi hadi kwa Ta Salvatori. "Ta," nikamnong'oneza, "Ma Yustina anayajua. Mruhusu amtajie mwanawe."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuvua nguo. "Mke kutaja jina la sifa la mumewe, mbele ya ukoo? Wewe si mtoto wa Kihaya? Hukufundishwa?"

Nilifundishwa. Bibi yangu mwenyewe alimwita babu "yule" mpaka anakufa.

Deus akafunga kitabu. "Mimi ni mwana wa Nestori," alisema, kwa Kinyambo, polepole, na hayo ndiyo yaliyokuwa yake. Wazee wakalirudia kwa kunong'ona. Mkuki akapewa, kwa sababu hakuna mwingine wa kupewa. Aliupokea bila kuinua uso, na watu wakageukia pombe. Majigambo yakawa yamekwisha kusemwa. Yakishasemwa hayasemwi tena.

Alasiri wakati wengi wameondoka, Ma Yustina alinikuta nyuma ya jiko nikinawa. Kitabu alikuwa nacho kwapani, bado kwenye bafta. Hajui kusoma. Aliketi kwenye kigoda, akakifungua mapajani.

"Mwalimu, nionyeshe kwa kidole. Jina lake liko wapi?"

Ningemwambia nini? Nilikishika kidole chake nikakiweka juu ya bano. Alikiacha pale. Kisha akakisogeza mwenyewe, akiufuata mstari, mpaka akalikuta bano lingine, na lingine chini yake.

"Yote yanafanana," akasema.

"Ndiyo, Ma."

"Ni mafupi. Yake yalikuwa marefu."

Nikamweleza, vibaya, nikijikwaa, kwamba kule ng'ambo waliogopa asije akapata taabu kwa ajili ya ile kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba basi anitajie mimi, hapa tulipo wawili tu, niyaandike kwa kalamu kwenye nakala yake.

"Wewe alikutajia mwenyewe," akasema. "Alivaa shuka mpya siku ile. Nilipika." Hakukasirika. "Mimi si wa kuyataja. Nikiyataja nitakuwa nimemwacha."

Simu yangu ikalia mfukoni, na nilijua ni nani bila kuitazama: wafadhili, wanataka ile picha yao. Fidelis alikuwa ameshawasha gari. Nikaitoa kwa aibu, nikamwambia Ma Yustina kwamba wale waliotoa kitabu wanaomba picha yake amekishika, na chini yake niandike jina lake kamili.

Alinyoosha kanga, akakaa wima, akakiweka kitabu kifuani kikiwa kimefungwa kwenye kile kitambaa cheupe. Alinitazama mpaka nilipomaliza kupiga.

"Na jina, Ma? Niandikeje?"

"Waambie na langu waliondoe," akasema, akainuka kwenda kukusanya majani ya ndizi.